Mdai wa Kwanza

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na kila kilichoshuka kwenye choo cha Bi Earlene Stallworth tangu Ijumaa kilikuwa kimepanda tena juu na kujitandaza uani. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira ya marehemu mumewe, reki mkono mmoja, dumu la klorini mkono wa pili, akisukuma uchafu uondoke kwenye ngazi za mlango. Ulikuwa hauondoki. Udongo wa Kaunti ya Pickard, Alabama, ni mfinyanzi mweusi. Maji ukiyamwaga juu yake yanakaa kama wageni walioalikwa. Kutoka kibarazani hadi barabarani alikuwa amepanga mbao saba, na mjukuu wake Jakayla, wa miaka tisa, alikuwa anazipita moja moja, begi la shule mgongoni, mikono ameitanua kama mtu anayetembea juu ya kamba.

"Usiangalie chini, angalia basi," Bi Earlene alisema.

"Nisipoangalia chini nitakanyaga, bibi."

"Basi angalia chini, ila usivute pumzi."

Basi la shule lilikuwa limesimama likinguruma. Watoto waliokuwa ndani walikuwa wameshabana pua kwa vidole, mchezo wao wa kila asubuhi. Jakayla alipanda bila kuwatazama.

Vernita Oglesby aliyaona hayo yote akiwa ndani ya gari lake, nyuma ya basi. Alikuwa wakili wa ofisi ya msaada wa kisheria kutoka Montgomery, mwanamke wa miaka thelathini na sita, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua iliyofika Ijumaa jioni kutoka kwa wakili wa kaunti. Alikuwa ameisoma mara nne. Kila mara alitamani isingekuja.

"Pita katikati ya ubao," Bi Earlene alimpazia sauti. "Wa tano umeoza. Na wewe, mwanangu, umevaa viatu vya kanisani kuja kwenye kinyesi?"

"Sina vingine, Bi Earlene."

"Basi u maskini kuliko mimi. Ingia."

Ndani kulinukia kahawa na klorini, na chini ya harufu hizo mbili ile ya tatu, ambayo wenyewe walishaacha kuitaja. Nyumba yenyewe ilikuwa treila ya bati iliyopandishwa juu ya matofali, katikati ya eka tatu alizoachiwa na baba yake. Bomba la choo lilitokea nyuma na kuishia hewani. Nyumba nyingi za watu weusi upande huo wa kaunti zilikuwa hivyo hivyo, kwa sababu tangi la maji taka linaloweza kufanya kazi kwenye udongo ule lilikuwa ghali kuliko treila yenyewe. Kaunti haikuwapelekea bomba. Iliwapelekea maafande na samansi. Bi Earlene alikuwa ameshalala mahabusu siku mbili kwa kosa la kumwaga maji taka ardhini, yeye aliyepika chakula cha shule miaka thelathini na moja bila kuchelewa kazini hata siku moja. Upande wa ziwani, walikojenga wazungu nyumba zao za mapumziko, kaunti ilikuwa imefikisha bomba kubwa hadi mlango wa mwisho.

Ndiyo maana Vernita alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho, familia kumi na nne dhidi ya kaunti. Jina la Bi Earlene lilitangulizwa kwa sababu hakutetemeka mbele ya kamera, na kwa sababu alipoombwa hakuuliza maswali mengi.

"Haya, wanasemaje?" aliuliza sasa, akimimina kahawa.

Vernita alimsomea. Kaunti itamwekea tangi jipya ndani ya siku thelathini, bila malipo. Mashtaka yake yatafutwa. Yeye kwa upande wake atatoa jina lake kwenye kesi, na hatazungumza tena na waandishi wa habari.

Bi Earlene aliweka birika chini taratibu.

"Soma tena hapo pa siku thelathini."

Vernita akasoma tena.

"Nalitaka," Bi Earlene alisema.

Hakusita na hakuuliza lingine. Alisema kama mtu dukani anavyoonyesha kitu rafuni. Baadaye, kila Vernita alipoirudia asubuhi ile kichwani, ilianzia hapo na mara nyingi iliishia hapo hapo.

Kwa sababu Vernita alikuwa amefundishwa. Alikuwa katika darasa la mwisho la Profesa Ambrose Teague, yule aliyesimamia kesi za haki za raia Kusini nzima enzi polisi walipowafungulia mbwa waandamanaji weusi, kisha akaenda kufundisha na kuandika vitabu vilivyogeuza jinsi sheria inavyosomeshwa. Mwaka ule Profesa aliingia darasani kwa kiti cha magurudumu, mpira wa oksijeni puani, na kila mwanafunzi aliyesimama kueleza kesi alimuuliza swali moja: "Nani kakutuma, na kakutuma nini?" Aliyejibu "haki" aliambiwa akae. Aliyejibu "katiba" aliambiwa akae na afunge na kitabu. Vernita aliliandika swali hilo kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza yake ya kazi.

Asubuhi ile karatasi ilikuwa Montgomery.

"Bi Earlene, nisikilize kwanza," alisema. "Ukitoka wewe, kesi inabaki bila kichwa. Watawaendea wale kumi na tatu mmoja mmoja. Huyu watamwekea tangi, yule watampeleka jela, na mwisho hakuna kesi."

"Wale kumi na tatu hawaji kuniwekea mbao."

"Najua. Lakini tukishinda, halitakuwa tangi lako peke yako. Litakuwa la kila mtu. Kaunti zote zenye udongo kama huu zitalazimika."

"Lini?"

"Jaji tuliyempata ni mzuri. Mwaka mmoja. Labda pungufu."

"Jakayla ana vipele mpaka kwenye kope. Nesi wa shule ananiuliza namwogesha na nini. Nimwambie namwogesha na kesi?"

Vernita alijipasha mikono kwa kikombe. Alikuwa na hoja nyingi, na zote zilikuwa za kweli. Akachukua ile aliyoiamini zaidi.

"Mimi nimesomeshwa na Profesa Teague," alisema. "Yeye alisema kaunti kama hizi zimeishi miaka yote kwa kutugawa. Mmoja anapewa, wengine wananyamazishwa."

Bi Earlene aliinua macho. Akacheka, kicheko kifupi cha mshangao.

"Ambrose Teague? Yule mrefu, mwembamba, anazungumza kama redio? Nilimwona kwa macho yangu. Mwaka wa sitini na nne, alipokuja kwa ile kesi ya shule. Alikula kunde nyumbani kwetu sahani mbili, na mkate wa mahindi akafunga kwenye leso aende nao. Mama yangu ndiye mtu wa kwanza kusaini."

"Unaona sasa!" Vernita alidaka. "Mama yako alisimama wakati kusimama kulikuwa kufa. Bi Earlene, hii ni kazi ile ile."

"Najua alichokifanya mama yangu."

Lori lilipita barabarani na vikombe vikagongana rafuni. Bi Earlene alitazama dirishani, kule mbao zilikokuwa zinaelea.

"Sasa unataka nifanye nini, mwanangu?"

Hivyo ndivyo alivyouliza. Mteja alimuuliza wakili wake wakili anataka nini, na wakili akajibu.

"Nataka tusimame."

"Haya. Tusimame." Bi Earlene alikusanya vikombe, chake na cha Vernita kilichokuwa bado nusu. "Ila nyumba hii, ukisimama sana mahali pamoja, unazama."

Vernita alirudi Montgomery na madirisha yamefunguliwa, akiimba pamoja na redio. Hilo nalo alikuja kulikumbuka.

*

Kaunti haikungoja jaji mzuri. Mwezi wa Novemba iliita mashtaka yake yenyewe katika mahakama yake yenyewe, chumba chenye hita iliyokuwa ikigonga kama mtu aliyefungiwa nje. Wakili wa kaunti, Haskell Drew, alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi mwenye tai ya rangi ya pichi. Alimsalimu Vernita kwa kumshika mkono. Lakini Bi Earlene yeye alimwita Earlene tu, bila Bi.

"Earlene, habari za nyumbani?"

"Nzuri, Bwana Drew."

"Kunakauka?"

"Bado, bwana."

Jaji alikuwa mzee, na hakuwa na haraka. Aliangalia picha za uani moja moja, akazigeuza kifudifudi mezani kama karata mbaya.

"Earlene, hii ni mara ya tatu."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Unajua unaishi na mtoto humo ndani?"

"Ndiye anayefanya niamke, Mheshimiwa."

Drew alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, napenda mahakama ijue kwamba kaunti haina roho mbaya. Mwezi wa Agosti tulijitolea kumwekea mama huyu tangi jipya, bila yeye kutoa hata senti. Alikataa."

Vernita aliruka. "Napinga! Yale yalikuwa mazungumzo ya suluhu katika kesi nyingine. Na yalikuwa na masharti ambayo..."

"Kaa, wakili," jaji alisema, bila ukali. "Naongea na yeye. Earlene, ni kweli? Walikupa tangi ukalikataa?"

Bi Earlene aligeuka akamtazama Vernita. Hakuwa anamlaumu. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenzake kabla hawajanyanyua meza nzito, kuona kama ameshika. Vernita alikuwa bado amesimama nusu, mkono mezani. Alijua maneno yaliyohitajika. Mheshimiwa, alilitaka. Mimi ndiye niliyemzuia. Yalikuwa maneno machache, ya mtoto wa darasa la pili. Lakini nyuma yake, kwenye benchi, walikuwa wamekaa watu wazima sita kutoka zile familia kumi na tatu, wamevaa nguo zao nzuri, wamekuja kumwona wakili wao.

"Ni kweli, Mheshimiwa," Bi Earlene alisema. "Nilikataa mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Niliona wengine hawajapata."

Hita iligonga. Jaji akaandika. Vernita akakaa.

Amri ilikuwa kwamba nyumba haifai kuishi binadamu, na walio ndani watoke katika muda wa siku kumi na nne. Vernita alikata rufaa siku hiyo hiyo. Rufaa ilipokelewa, ikagongwa muhuri, ikapangiwa tarehe ya Machi.

Siku ya tisa alikuja afisa ustawi, msichana mweusi mwenye miwani mikubwa, amevaa mifuko ya plastiki juu ya viatu. Vernita alikuwa amewahi kufika, ana faili zima mkononi.

"Huwezi kumchukua mtoto kwa sababu bibi yake ni maskini," alisema.

"Simchukui kwa umaskini, wakili. Namchukua kwa nyumba isiyofaa. Nina karatasi ya jaji."

"Bibi yake anatafuta pa kwenda."

"Akipata tutaangalia. Samahani, Bi Earlene. Mimi mwenyewe bibi yangu anaishi hivi hivi. Si mimi. Ni fomu."

"Najua si wewe, mwanangu," Bi Earlene alisema. Alikuwa ameshafunga nguo za Jakayla kwenye mfuko wa mashuka. "Huyu anapakwa mafuta haya asubuhi na jioni, si asubuhi tu. Kwenye kope anapakwa na ncha ya kidole. Hali mayai. Atasema anakula, lakini hali."

"Ndiyo, mama."

"Andika."

Afisa akatoa kalamu akaandika mayai.

Jakayla hakulia. Alisimama kwenye ubao wa mwisho akamwangalia Vernita. "Wewe si ndiye ulisema tutashinda?"

"Tutashinda," Vernita alisema.

"Haya," mtoto alisema, kwa sauti ya bibi yake, akaingia garini.

Alipelekwa kwa familia ya malezi katika mji wa Mobile, mwendo wa karibu saa tatu. Bi Earlene alihamia Selma kwa binamu yake, akalala kwenye kochi la sebuleni. Rufaa ya Machi ilisogezwa hadi Mei. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, kaunti ilileta buldoza, na treila iliyokuwa imesimama miaka ishirini na sita ikalazwa na kukunjwa kwa muda wa asubuhi moja. Mei rufaa ilitupwa. Hapakuwa tena na nyumba ya kubishania.

*

Jaji wa shirikisho kweli alikuwa mzuri. Hukumu yake ilitoka mwezi wa Agosti, kurasa sabini na moja. Alisema kaunti ilijua, ilichagua, na kwa miaka mingi ilichagua kwa rangi. Aliiamuru ipeleke mpango wa kuweka matangi, ikianza na waliotajwa kwenye kesi. Ofisini Montgomery watu walipiga vifijo, mtu akafungua chupa. Vernita alisoma akiwa amesimama mpaka ukurasa wa hamsini na nane. Hapo jaji aliandika kwamba dai la fidia la mdai wa kwanza linaondolewa, kwa kuwa mdai huyo haishi tena katika nyumba husika na mahakama haina cha kumrekebishia. Jina la kesi litabaki kama lilivyo.

Alimpigia simu.

"Bi Earlene, tumeshinda."

"Mungu ni mwema. Jakayla anarudi lini?"

"Hiyo... hiyo ni mahakama nyingine, Bi Earlene. Hiyo inaangalia kama una nyumba."

"Aa," Bi Earlene alisema. Kwa mbali televisheni ya binamu ilikuwa inaongea. "Wale wengine wamefurahi?"

"Wamefurahi sana."

"Wasalimie."

Mwezi wa Oktoba chuo alichosomea Vernita, kule Kaskazini, kilimwita. Walikuwa wameanzisha tuzo kwa jina la Profesa Teague, kwa wakili anayeendeleza urithi wake, na mwaka wa kwanza walikuwa wamemchagua yeye. Alikaa na barua ile siku mbili. Kisha akanunua nguo.

Ukumbi ulijaa. Picha ya Profesa, akiwa kijana kwenye ngazi za mahakama fulani ya Kusini, ilitandazwa ukuta mzima. Vernita alizungumza dakika ishirini, na zilikuwa dakika nzuri. Alisimulia ile sura maarufu ya kitabu cha Profesa, inayosomwa na kila mwanafunzi wa sheria: jinsi alivyoshinda kesi ya shule katika kijiji kimoja cha Alabama, na matokeo ya ushindi yakawa kwamba shule ya weusi ilifungwa, walimu wake wakafukuzwa, watoto wakapelekwa kwenye shule ya wazungu kukaa viti vya nyuma. Jinsi alivyorudi miaka kumi baadaye, na mwalimu mmoja aliyefukuzwa akamwambia maneno yaliyobadilisha maisha yake. Vernita aliyajua kwa moyo. "Sisi tuliomba jiko la makaa na basi, wewe ukatuletea hukumu."

Ukumbi ukashangilia.

Mwanafunzi mmoja, msichana mwenye kitambaa cha manjano kichwani, aliinua mkono. "Asante sana. Nilitaka kujua, Bi Stallworth yuko hapa nasi?"

Macho yaligeuka kutafuta kwenye viti vya mbele.

"Hakuweza kusafiri," Vernita alisema.

Hakuwa amemwalika. Alikuwa ameanza kuipiga namba yake mara mbili, akaikata.

*

Wiki iliyofuata alikwenda Selma. Alibeba keki, na alikuwa amejipanga njia nzima: ataeleza yote, kuanzia kahawa ile, na hatajitetea. Bi Earlene alikuwa kibarazani kwa binamu yake, blanketi la kochi limekunjwa vizuri pembeni. Alikuwa amepungua. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ulisema unalitaka," Vernita alisema. "Mimi nikakuzungusha. Na mbele ya jaji nikakuacha ubebe."

"Nilisema nalitaka, ndiyo."

"Naomba unisamehe."

Bi Earlene alikata keki vipande viwili, akala chake chote.

"Yule Teague wako naye alirudi," alisema. "Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeshaanza kazi ya jikoni. Alikuja na gari la kukodi, akakaa ndani yake nusu saa kabla ya kushuka. Mama alikuwa barazani. Yeye alikuwa mwalimu miaka kumi na tisa, unajua? Walipofunga ile shule alikwenda kuosha nguo za watu, mpaka anakufa."

Vernita aliweka kipande chake cha keki chini. "Mama yako ndiye yule mwalimu? Yule wa kwenye kitabu?"

"Kitabu gani?"

"Aliyemwambia... 'Sisi tuliomba jiko la makaa na basi, wewe ukatuletea hukumu.'"

Bi Earlene alifikiri, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Mama hakumwambia neno. Alikuwa anapukuchua kunde. Yule bwana alisimama pale chini, kofia mkononi, anaongea, anaongea, jasho linamtoka. Mama akapukuchua tu mpaka beseni likajaa. Halafu akaingia ndani." Alipangusa makombo kwenye gauni. "Hayo maneno kajipa mwenyewe."

Vernita alingoja. Alitaka atukanwe, na alijua kwamba anataka, na alijua Bi Earlene anajua.

"Una gari?" Bi Earlene aliuliza hatimaye.

"Ninalo."

Bi Earlene alitoa mfukoni bahasha ya kaunti iliyokunjwa mara nne. "Hii ilikuja juzi. Nisomee, binamu yangu ameisoma nikadhani haoni vizuri."

Vernita alisoma. Kwa kutekeleza amri ya mahakama, kaunti inamjulisha mmiliki wa kiwanja, ambaye ni namba moja kwenye orodha ya wadai, kwamba ufungaji wa tangi utakamilika na kukaguliwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Watakuwa wamekosea," Vernita alisema. "Nitawapigia."

"Usiwapigie. Nipeleke nikaone."

*

Hawakuwa wamekosea. Orodha iliyokwenda mahakamani ilikuwa na namba za viwanja, haikuwa na nyumba, na kiwanja kilikuwa palepale. Pale ilipokuwa treila palibaki matofali manane na majani yaliyoota kwa nguvu. Nyuma yake udongo ulikuwa umepandishwa kilima kirefu laini, kimepandwa nyasi, na juu yake kuna mifuniko miwili ya kijani, kisanduku cha umeme chenye taa ndogo, na bomba jeupe lililosimama wima, mdomo wake ukielekea mahali ambapo zamani palikuwa na choo. Ilikuwa kazi nzuri. Hata Vernita, asiyejua ujenzi, aliona ni kazi nzuri.

Haskell Drew alikuwepo, na mpiga picha, na mkaguzi wa afya mwenye ubao wa kuandikia, na fundi wa kampuni, mwanamume mweusi wa makamo ambaye macho yake yalikataa kukutana na ya mtu yeyote.

"Earlene!" Drew alisema kwa uchangamfu. "Umekuja kuona mali yako. Wakili, mambo? Umeona? Kaunti inatii."

"Hapa hakuna nyumba," Vernita alisema.

"Amri haisemi nyumba. Niliisoma vizuri, umeiandika wewe nusu yake. Inasema tuanze na namba moja. Nikiiruka namba moja, utanirudisha kwa jaji. Au siyo?"

Ni kweli, Vernita angemrudisha.

Bi Earlene alikuwa ameshakwenda kwenye bomba. Alikuwa amevaa kofia ya kanisani, ya zambarau, na alitembea katikati ya uwanja mkavu akiwa bado anachagua pa kukanyaga. "Linafanya kazi?" alimuuliza fundi.

"Linafanya, mama. Likiunganishwa."

"Nionyeshe."

Fundi alimtazama mkaguzi. Mkaguzi akainua mabega. Lazima lijaribiwe hata hivyo. Mpiga picha akasogea. Fundi akafungua kizibo, akainua ndoo ya maji aliyoileta kwenye lori, akamimina yote mdomoni mwa bomba. Maji yalizunguka mara moja, yakashuka. Chini kabisa, pampu ikaamka, ikavuma kidogo, ikanyamaza. Hakuna kilichorudi juu. Mkaguzi akatia alama kwenye karatasi yake.

Bi Earlene alikuwa ameinama, mkono mmoja ameshika kofia isidondoke, sikio karibu na bomba.

"Tena," alisema.

Fundi alikwenda kwenye lori, akajaza ndoo, akarudi, akamimina. Maji yakashuka.

"Tena."

Drew alitazama saa. Mpiga picha akaanza kufungasha vitu vyake. Fundi alisimama na ndoo tupu mkononi, akamtazama mama yule, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Vernita usoni, kama anayengoja wakili aseme imetosha. Vernita hakusema kitu. Fundi akageuka, akaenda kuchota tena.